Mtoto wa Kitengela Ahesabu kwa Lugha Gani?

Mji wa Kitengela ulizaliwa na tendo la kugawanya. Mnamo mwaka wa 1988 ranchi iliyokuwa ikimilikiwa kwa pamoja na Wamaasai wa uwanda huu iligawanywa, kila mwanachama akapewa sehemu yake, na tangu hapo kugawanya hakujakoma: mashamba yamemegwa kuwa ekari, ekari zikamegwa kuwa nusu na robo, na robo nazo zikakatwa kati. Sensa ya mwaka wa 2009 iliwakuta mjini humu watu wasiofika 60,000. Ile ya mwaka wa 2019 iliwakuta zaidi ya 150,000. Wengi wao walifika na swali la hesabu mkononi. Dalali humwambia mnunuzi kuwa ploti ya futi 50 kwa 100 ni sehemu ya nane ya ekari. Mwenye kujua kuzidisha ataona kuwa ploti hiyo ni futi za mraba 5,000, ilhali sehemu ya nane kamili ya ekari ni futi za mraba 5,445. Asiyejua amekwisha kupoteza futi 445 kabla hajamwaga zege ya msingi.

Hata wenyeji waliobaki na mifugo yao hawakuachwa nje ya hesabu hizi. Tangu mwaka wa 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasiizungushie ua, wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi wapate kupita. Malipo yalikuwa dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, nayo yaligawanywa mafungu matatu yaliyotolewa shule zilipokuwa zikifunguliwa. Mzee mwenye ekari tisini, aliyetaka kujua iwapo fungu lake la Januari lingetosha karo, alikuwa na zoezi zuri kabisa la kuzidisha na kugawanya, na hakuna aliyemwambia kuwa zoezi hilo lazima lifanywe kwa Kiingereza.

Ajabu ni kwamba wazazi wa mji huu uliojaa hesabu wamejivua jukumu la kuwafunza wana wao hesabu. Si kwa uvivu. Baba anayefanya kazi katika kiwanda cha saruji cha Athi River na mama anayeshona nguo katika eneo la viwanda vya kuuza nje ni watu wanaopiga hesabu usiku na mchana: kodi ya nyumba, nauli, mitungi ya maji, deni la dukani. Lakini waulize kuhusu hesabu za mtoto wa gredi ya kwanza nao watakujibu kuwa hizo ni za shule, ziko kwa Kiingereza, na kwamba wao "hawakusoma sana". Kwa ufupi, wanaamini kuwa kuna hesabu mbili: moja ya sokoni, wanayoijua, na nyingine ya daftari, isiyowahusu. Kwa maoni yangu imani hiyo inawagharimu watoto wetu zaidi ya upungufu wa vitabu au msongamano darasani, na chanzo chake ni lugha.

Sera ya nchi kuhusu lugha ya kufundishia imekuwapo tangu zamani. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka wa 1976 kwamba watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule yao. Mashambani lugha hiyo ingekuwa Kimaasai, Kikamba au nyingineyo. Mjini, mahali palipochanganyika makabila, ingekuwa Kiswahili. Tume na kamati zilizofuata hazikulitupa wazo hilo, na Mtaala wa Umilisi ulioingia madarasani Januari 2019 umelirithi. Kwa mujibu wa sera hiyo basi, mtoto wa gredi ya kwanza mjini Kitengela, mji wenye Mmaasai, Mkamba, Mkikuyu, Mluo, Mluhya na Mkisii katika ploti moja, anapaswa kufundishwa kujumlisha na kutoa kwa Kiswahili. Sasa fungua begi lake. Kitabu cha shughuli za hisabati kilichomo kimeandikwa kwa Kiingereza, jalada hadi jalada. Na katika shule nyingi za binafsi zilizoota kandokando ya barabara ya Namanga, Kiingereza kimekwisha kuanza chekechea, kwa kuwa hicho ndicho anacholipia mzazi.

Msomaji anayepanda matatu hapa na kuelekea kusini, apite Isinya, Kajiado na Bissil hadi Namanga, kisha avuke mpaka, ataingia wilaya ya Longido, Tanzania. Atawakuta huko Wamaasai walewale, pengine wa ukoo mmoja na aliowaacha Isinya. Lakini mtoto wa Longido katika shule ya serikali hujifunza hisabati kwa Kiswahili, kama ilivyo kwa Tanzania yote tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea mwishoni mwa miaka ya sitini, na binamu yake wa Isinya hukutana nayo kwa Kiingereza. Sisemi kwamba Watanzania wamemaliza kazi. Lau wangekuwa wameimaliza, wasingelazimika mwaka wa 2015 kuuandika upya mtaala wa darasa la kwanza na la pili ili ujikite katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Ninachosema ni kwamba mzazi wa Longido anapochungulia daftari la mwanawe, anaielewa lugha iliyomo.

Tuangalie sasa kinachompata mtoto mwenyewe. Mwaka jana nilimsikia mtoto wa jirani, msichana wa miaka sita, akiimba kwa Kiingereza namba kuanzia moja hadi mia moja bila kukosea, huku mama yake akitabasamu kwa fahari aliyostahili. Tukamwaga maharagwe mezani, nikamwomba anihesabie ishirini na tatu. Kinywa kilikimbia, kidole kikabaki nyuma. Alipofika namba aliyotakiwa alikuwa amegusa punje kumi na saba tu. Mtoto huyo hana kasoro yoyote. Alikuwa amefunzwa wimbo, naye ameujua wimbo vizuri kuliko wengi. Lakini kujua wimbo wa namba si kujua idadi, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha kazi yote ya mwalimu wa darasa la chini.

Majina ya namba yana hila zake katika kila lugha, na hapa ndipo fani yangu inaponiruhusu kusema kidogo. Kiingereza humwekea mtoto mtego mapema. Baada ya kumi huja majina mawili, ya kumi na moja na kumi na mbili, ambayo hayamwambii mtoto lolote kuhusu kumi wala moja wala mbili. Kisha kuanzia kumi na tatu mpangilio unageuka: tarakimu ndogo hutamkwa kwanza na ile ya kumi ikafuata, ilhali kwenye karatasi 1 ya kumi ndiyo inayotangulia. Isitoshe, kumi na nne na arobaini hutofautiana kwa mwisho tu wa neno, na kwa matamshi yetu ya Afrika Mashariki mwisho huo aghalabu humezwa. Mwaka wa 1995 Kevin Miller na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wadogo wa China na wa Marekani. Hadi kumi, walikuwa sawa. Walipoingia katika namba za kumi na kitu, watoto wa Marekani walianza kujikwaa na wale wa China wakaendelea, kwa kuwa Kichina husema wazi "kumi-moja, kumi-mbili, kumi-tatu". Ikiwa Kiingereza humtatiza mwenye kukizaliwa, sembuse mtoto wa Kitengela anayekisikia darasani tu?

Kiswahili nacho husema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, wazi kama Kichina. Mzazi anayehesabu vijiti na mwanawe kwa Kiswahili anamfunza, bila hata kukusudia, kuwa kumi na nne ni fungu la kumi na vijiti vinne vya pembeni. Lakini tusijisifu kupita kiasi, kwa sababu Kiswahili kina mtego wake, nao umetegwa kuanzia ishirini. Majina ya makumi yetu yalitoka Kiarabu, ilhali namba zetu nyingi ndogo ni za Kibantu. Mtoto anayesikia sitini, sabini na tisini anaweza kuisikia sita, saba na tisa ndani yake, maana hizo nazo ni za Kiarabu; zilizisukuma kando tandatu, fungate na kenda za wazee wetu. (Fungate imebaki kwa maarusi, wanaopewa siku zao saba.) Lakini hakuna mbili ndani ya ishirini, hakuna nne ndani ya arobaini, wala tano ndani ya hamsini. Ama thelathini na themanini, hizo zimewaliza watoto wengi, kwa kuwa zinafanana sautini na hakuna tatu wala nane inayosikika ndani yake ya kumsaidia mtoto kuzitenga.

Dawa ya mtego huo ipo majumbani mwetu, katika lugha ambazo watoto huambiwa waziache mlangoni mwa shule. Mkamba huita ishirini miongo ili, yaani makumi mawili. Mkikuyu husema mirongo iiri. Mluo husema piero ariyo. Wote hao wanalitaja kumi na kutaja ni mara ngapi. Kimaasai kina majina ya pekee kama tikitam kwa ishirini na artam kwa arobaini, lakini baada ya tomon, yaani kumi, huendelea kwa kuongeza namba ndogo juu yake kama Kiswahili. Hakuna kinachomzuia mzazi au mwalimu kusema "makumi mawili na tatu, ndiyo ishirini na tatu", akarudia hivyo kwa wiki kadhaa mpaka mtoto azoee. Anayedhani kuwa kufanya hivyo ni kuharibu Kiswahili sanifu na akumbuke kuwa kinachofundishwa hapo ni thamani ya tarakimu. Kiswahili sanifu hakitakufa kwa makumi mawili.

Kuna jambo jingine la sarufi ambalo waalimu hulipita haraka. Mtoto wetu hukutana na mbili ikiwa imevaa nguo nyingi: watoto wawili, vikombe viwili, mayai mawili, nyumba mbili. Kisha ghafla sita haivai chochote: watoto sita, vikombe sita, mayai sita. Kimaasai nacho hutenga jinsia, kikasema enkiteng nabo kwa ng'ombe mmoja na olayioni obo kwa mvulana mmoja. Wapo wanaoyaona haya kuwa mzigo. Mimi nayaona kuwa ni nafasi. Mtoto anayegundua kuwa wawili, viwili na mawili wana kitu kimoja cha shirika, yaani ile mbili tupu isiyo mtu wala yai, ameivuka hatua ambayo wanafalsafa waliitolea jasho. Mwalimu na aulize tu: "Watoto wawili na vikombe viwili vinafanana kwa nini?" Kisha anyamaze na kusubiri.

Panapozuka vurugu kubwa ni katika mafumbo ya maneno. Tazama sentensi hii iliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka kitabuni: "Kamau ana mbuzi watatu zaidi ya Naserian." Mtoto husikia kuwa Kamau ana mbuzi watatu, akaandika 3, akakosolewa. Mswahili halisi hasemi hivyo. Husema: "Kamau amemzidi Naserian kwa mbuzi watatu." Kitenzi kuzidi kinaonyesha watu wawili waliosimama bega kwa bega, mmoja amempita mwenzake, na kilichopita kinaweza kuhesabiwa. Lakini kitenzi hichohicho kimezaa kuzidisha, na hapo tahadhari inahitajika. Jikoni, kuzidisha chumvi ni kuongeza. Mtoto akiambiwa azidishe tatu kwa mbili na kujibu tano, amelitumia neno kama mama yake anavyolitumia kila siku. Afadhali kuanza na "mara": mafungu ya tatu, mara mbili. Vivyo hivyo kutoa. Nyumbani kutoa ni kumpa mtu kitu, na ukimpa mtu embe, maembe hayajapungua duniani, yamehama tu. "Yamebaki mangapi?" ni swali lililo wazi zaidi kuliko "toa".

Wenzangu wanaotetea lugha za mama hupenda kusema kuwa mtoto akifundishwa kwa lugha yake kila kitu kitanyooka. Ushahidi hauko hivyo, na uungwana wa kitaaluma unatulazimu kuukubali. Kati ya mwaka wa 2013 na 2014 palifanywa jaribio hapa Kenya, chini ya mpango ulioitwa PRIMR, ambamo baadhi ya shule zilifundisha kusoma kwa lugha ya mama, Kikamba na Kibukusu, huku nyingine zikitumia mbinu zilezile bila lugha ya mama. Benjamin Piper na wenzake walipochapisha matokeo mwaka wa 2018, waliripoti kuwa kundi la lugha ya mama halikupata nafuu ya ziada katika Kiingereza wala Kiswahili, na kwamba katika hesabu lilikuwa chini kidogo ya kundi lile jingine.

Wapo waliolitumia tokeo hilo kama rungu. Lakini watafiti haohao waliingia madarasani wakatazama, na wakaona kuwa mwalimu aliyefundisha kusoma kwa lugha ya mama aliibadilisha kwa nadra sana lugha ya masomo yake mengine. Kwa hiyo lugha ya mama ilikuwa katika kipindi cha kusoma, na hesabu ikaendelea kama zamani. Jaribio hilo halikupima kinachotokea hesabu yenyewe inapofundishwa kwa lugha anayoielewa mtoto. Hata hivyo limetufunza jambo: lugha peke yake haifundishi hesabu. Mwalimu anayesema "kumi na nne" badala ya neno la Kiingereza, lakini akaendelea kuwaimbisha watoto bila vijiti mikononi, hajabadilisha kitu ila wimbo.

Nitoe mfano wa mbali kidogo. Mjini Recife, nchini Brazil, watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwaendea watoto watano wachuuzi, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, wakanunua kwao nazi na matunda mengine. Ilikuwa kazi ndogo, iliyochapishwa mwaka wa 1985, lakini imesomwa kote duniani. Barabarani watoto hao walijibu sawasawa asilimia 98 ya maswali. Baadaye walipewa hesabu zilezile. Zilipokuwa mafumbo ya maneno walipata kama asilimia 74. Zilipoandikwa tarakimu tupu kwa mtindo wa shule, walipata asilimia 37. Mtoto aliyeweza kujua bei ya nazi kumi kwa kujumlisha nazi tatu-tatu kichwani alishindwa na hesabu hiyohiyo alipopewa kalamu.

Nani asiyewajua watoto wa namna hiyo hapa kwetu? Wapo stendi ya Kitengela wakati wa likizo, wakiuza karanga na maji ya chupa, na mbao, soo na thao zinawatoka midomoni bila kusita. Ukimpa noti ya mia mbili kwa bidhaa ya thelathini na tano, chenji iko mkononi mwako kabla matatu haijaondoka. Muhula ukifunguliwa, mtoto huyo huketi nyuma ya darasa na kuandikiwa kuwa hesabu zake ni dhaifu. Shirika la Uwezo, ambalo limekuwa likiwapima watoto majumbani mwao Kenya, Uganda na Tanzania kwa zaidi ya mwongo mmoja, limeripoti mara kwa mara kuwa watoto wengi wa darasa la tatu nchini hawawezi kazi ya darasa la pili. Nayasadiki matokeo hayo. Ila kila ninapoyasoma hujiuliza ni wangapi miongoni mwao wangeonekana tofauti lau wangeulizwa chenji.

Nini basi kifanyike nyumbani, katika chumba kimoja cha kupanga, saa mbili usiku, mzazi akiwa amechoka? Kwanza, kisiwe kipindi cha pili cha shule. Mtaala wa sasa umesisitiza ushiriki wa mzazi, jambo jema, lakini katika shule nyingi ushiriki huo umegeuka kuwa mzazi kutumwa saibakafe akachapishe picha, na mwishowe mzazi ndiye aliyefanya kazi na mtoto akalala. Dakika kumi za kuhesabu pamoja zinapita saa nzima ya karatasi za kuchapisha. Zikiwa dakika kumi kila siku, zinapita saa mbili za Jumapili.

Pili, vifaa visinunuliwe. Sarafu za shilingi moja na za shilingi kumi ni kifaa bora cha kufunzia makumi na mamoja, kwa sharti kwamba mzazi azikubali zichezewe kabla hazijaenda dukani. Weka sarafu tatu za kumi na saba za shilingi moja; muulize mtoto ni ngapi; ongeza tano za shilingi moja; mwache aone mwenyewe kuwa sasa kuna shilingi moja kumi na mbili, na kwamba kumi kati yake zinaweza kubadilishwa kwa sarafu moja ya kumi. Hiyo ndiyo "kubeba" inayofundishwa ubaoni kwa mishale. Ukitaka kupunguza, vunja ile ya kumi. Vizibo vya soda vinafaa, na vijiti vilivyofungwa kumi-kumi kwa uzi vinafaa zaidi, kwa kuwa mtoto hulifungua fungu kwa mikono yake na kuona kilichokuwa ndani.

Tatu, vidole viachwe huru. Kuna waalimu, na wazazi zaidi yao, wanaomchapa mtoto vidole kwa sababu "ni mkubwa sasa". Fimbo shuleni ilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na hii ya vidole haina hata kisingizio cha nidhamu. Wamaasai wana ishara za vidole kwa kila namba hadi kumi, zenye umbo maalumu, na wazee huzitumia katika mazungumzo pamoja na neno, P. H. Gulliver aliandika juu ya ishara za namna hiyo miongoni mwa Waarusha mwaka wa 1958, naye Claudia Zaslavsky akazieneza kwa wasomaji wa dunia katika kitabu chake cha mwaka wa 1973 kuhusu hesabu za Afrika. Mtoto huviacha vidole mwenyewe siku anapojua bila kufikiri kuwa saba na tatu ni kumi. Kazi ya mzazi ni kumfikisha siku hiyo: "Nina saba, nipe zinazobaki nifike kumi." Mchezo huo unaweza kuchezwa mkiosha vyombo.

Na michezo mingine ipo. Bao, ambalo Wamaasai huliita enkeshui, Wakikuyu giuthi na Wajaluo ajua, humlazimu mchezaji kuhesabu mbele, kukadiria, na kujua kete ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajaipanda ya kwanza. Wazee wanaoketi chini ya mti wakicheza mchana kutwa hawakosi mjukuu anayetazama. Wamkaribishe. Ni kweli kwamba katika jamii nyingi za hapa haikuwa adabu kuhesabu watu au mifugo kwa sauti, na bibi akimkataza mjukuu kuwahesabu ndugu zake, mzazi amheshimu. Kete hazina mwiko.

Saa nayo isiwe kizingiti. Kitabu humwambia mtoto kuwa mshale mfupi ukielekeza 7 ni saa saba, mama akitazama saa ileile ya asubuhi anasema saa moja. Mzazi mmoja aliniambia kuwa ameacha kumtajia mwanawe saa kwa Kiswahili ili asimchanganye. Hakuna haja. Mwonyeshe mtoto uso wa saa na umwambie atazame ng'ambo: mkabala na 7 kuna 1, mkabala na 8 kuna 2, mkabala na 12 kuna 6. Waingereza huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi huanza jua linapochomoza, na kati ya mwanzo wao na wetu kuna saa sita. Mtoto wa gredi ya pili akilifahamu hilo atakuwa amejumlisha na kutoa sita mara nyingi kuliko zoezi lolote la kitabu, na sababu ya kufanya hivyo ataiona ukutani.

Ama kwa upande wa serikali, kazi imegawanywa kwa namna isiyomsaidia mtoto. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, chekechea iko chini ya kaunti, na gredi ya kwanza iko chini ya serikali ya taifa. Mwalimu wa Kajiado aliyemfunza mtoto kuhesabu kwa Kiswahili au Kimaasai ana mwajiri mmoja, na yule atakayempokea Januari ana mwajiri mwingine, na hakuna mahali ambapo wawili hao huketi wakaulizana walitumia maneno gani. Siombi vitabu vyote vitafsiriwe kesho. Ningeridhika, kwa kuanzia, na kijitabu cha kurasa chache kutoka Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, kilichobandikwa nyuma ya kitabu cha hisabati cha gredi ya kwanza, kinachompa mzazi maneno ya Kiswahili ya kila mada: mamoja na makumi, jumlisha, toa, mara, gawanya, nusu, robo, sawa na, zidi, pungua, sifuri. Maneno hayo yote yapo. Ng'ambo ya Namanga yanatumika kila siku, na huku kwetu mama mboga anayajua yote isipokuwa, pengine, sifuri, ambayo huiita "hakuna kitu", na huo nao ni ufafanuzi ambao mtoto wa miaka sita ataufahamu mara moja.